Sponji Hakuwa wa Kuuma

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa nane, asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa kikombeni. Mpaka hapo fundi wa sofa alikuwa na vitu vitatu tu vya kumtoa kitandani: cherehani yake, mjukuu wake na mbwa aliyeachwa na marehemu mkewe. Jua lilipofika utosini, alikuwa amebaki na cherehani.

Mbwa mwenyewe aliitwa Sponji. Mke wa fundi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa na rangi ya sponji mpya kabla haijashika vumbi, na kwa sababu siku ya kwanza kuletwa alilala juu ya rundo la mabaki karakanani asionekane wapi sponji inaishia na wapi mbwa anaanzia. Mteja mmoja aliyekuwa anahama mji ndiye aliyewaachia, mbwa akiwa bado mtoto. Ile aina ya manyoya marefu na masikio ya kulala, ambayo watu husema mwizi akiingia, mbwa atamwonyesha chumba cha kulala kilipo. Na kweli Sponji alikuwa hivyo. Kuku wa jirani walidonoa chakula chake, yeye anawasubiri washibe. Wateja waliokuja kukagua viti vyao walimkuta amelala juu yavyo na wakamwomba radhi kwa kumwamsha.

Jumamosi hiyo binti wa fundi alikuja na mwanawe, mtoto wa kike wa darasa la kwanza, waliyemwita Kijino tangu meno ya mbele yalipomtoka. Kijino hakuwahi kumsalimia babu yake kabla ya mbwa. Alikimbia moja kwa moja karakanani, akamrukia Sponji shingoni, akamkumbatia kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameinamia kiti, misumari midogo mdomoni. Alisikia sauti mbili, moja juu ya nyingine, asijue ipi ni ya nani. Alipogeuka, mkono wa mtoto ulikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko, na Sponji amejibanza nyuma ya mashine, anatetemeka kuliko aliyeumwa.

Hospitali walimshona mtoto na kumchoma sindano. Hospitali ikaarifu manispaa, na manispaa, ambayo ukiwaitia taka wanakuja takataka zikishaota majani, safari hii ilifika kabla ya saa saba mchana. Watu wawili walishuka na fimbo ndefu yenye kitanzi. Kitanzi kilipomkaza shingoni, Sponji alipiga ukelele ambao fundi hakuwa amewahi kuusikia kwa mbwa, akamrukia mshika fimbo na kumchana suruali.

"Umeona, mzee?" yule mtu akasema, akijipapasa paja. "Halafu mnatuambia mbwa wa watoto."

Binti alirudi jioni peke yake, macho yamevimba. Hakuketi.

"Baba, nimeshasema kule manispaa. Watamwangalia siku kumi kama ana kichaa, halafu wamalize. Nimesema wamalize hata kama hana."

"Mama yako alimlea yule kwa mkono wake."

"Mama hayupo. Mwanangu yupo. Huyo mbwa akirudi hapa, sisi hutatuona. Chagua mwenyewe."

Akaondoka. Fundi alikaa mbele ya cherehani. Mguu wake wa kushoto ukanyooka chini ya mashine, pale alipozoea kumsalimia mbwa kwa unyayo, maana mikono yake siku zote ilikuwa na kazi. Unyayo ukagusa saruji.

Mtaa mzima ukawa na elimu ya mbwa. Jirani wa kuku alisema wapole ndio wabaya, wanajiwekea hasira kama watu wanavyojiwekea akiba. Kinyozi alisema ni wivu, mbwa amemwona mtoto kama mke mwenza. Fundi baiskeli akadai mbwa wa manyoya marefu hawawezi joto, damu inawachemka mpaka kichwani.

"Kwa hiyo mwaka mzima ilikuwa inachemka polepole?" fundi wa sofa akamuuliza.

"Fundi, mimi naeleza tu nilivyosikia."

"Basi kaniulizie vizuri huko ulikosikia."

Alichotaka ni kitu kimoja: aambiwe kwa nini. Mbwa hawezi kulala mwanakondoo akaamka chui. Sababu ikijulikana, binti yake angeweza kusikiliza. Isipojulikana, angempoteza mbwa kwa hakika, na pengine mjukuu pia, maana Kijino alikuwa ameanza kuogopa hata geti la babu yake. Kwa hiyo Jumatatu akavaa shati lake la msibani, ndilo lililokuwa na kola nzuri, akaenda ofisi ya mifugo.

Dada wa mapokezi alikuwa anakula embe kwa kisu. Ukutani nyuma yake palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, picha ya ng'ombe mnene, na msumari uliotundikwa furushi la tepe za njano za plastiki, zile ambazo mafundi umeme hufungia nyaya, ukishazikaza hazilegei tena.

"Bwana Mifugo yupo semina," dada akasema.

"Atarudi lini?"

"Semina ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Hiyo hajaniachia. Shida yako nini, baba?"

"Mbwa wangu yuko kwenye banda lenu. Nataka kujua kwa nini ameuma."

Dada akamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana majimaji. "Baba, mbwa ni mbwa."

Jumanne akaambiwa aonane na watu wa afya. Afya wakasema mtoto ni wao, mbwa si wao. Jumatano akarudi mifugo, mlango umefungwa, kuna mazishi. Fundi hakwenda shule zaidi ya kujua kusoma kipimo na kuandika jina lake, lakini kupigwa danadana alikujua. Walimpiga hivyo hivyo mkewe alipougua: nenda dirisha lile, rudi na mwenzako, daktari ametoka. Mpaka dirisha la mwisho linafunguka, hakukuwa tena na mgonjwa wa kupelekwa. Tangu hapo kila aliyekaa nyuma ya meza alikuwa na deni kwake, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Ijumaa akamkuta Bwana Mifugo mwenyewe, mtu mzima mpole mwenye uchovu wa kudumu, anafuta miwani kwa tai.

"Mzee wangu, mbwa mpole anauma kwa mambo mengi," akasema. "Uchungu mwilini. Hofu. Kushtuliwa usingizini. Sikio bovu, jino bovu, uzee. Wakati mwingine anaonya kwa wiki nzima, watu hawamwelewi."

"Na Sponji ni lipi hapo?"

"Hatujajua."

"Mmemkagua?"

Bwana Mifugo akavaa miwani. "Anaangaliwa."

"Anaangaliwa vipi?"

"Kwa macho. Hakamatiki, mzee. Ukimtia kitanzi anageuka simba. Dawa ya kumlaza ilikwisha, tumeagiza."

"Kwa hiyo mtamuua kwa sababu hamjui, na hamjui kwa sababu hamjamgusa."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Aliambiwa tu kwamba mama wa mtoto akilegeza msimamo, na sababu ikionekana, mambo yanaweza kuzungumzika. Kama sivyo, Jumatatu wiki ijayo ni sindano ya mwisho. "Na hiyo haijaisha?" fundi akauliza.

Jumapili akaenda kwa binti yake. Kijino alimfungulia mlango, mkono umefungwa bandeji, akasimama nyuma ya pazia badala ya kumkimbilia. Hilo lilimchoma fundi kuliko maneno yote ya ofisini.

"Sikuja kugombana," akamwambia binti yake. "Kesho wanamchoma. Nilitaka uje useme neno moja tu, wamkague kwanza."

"Wakimkagua, kovu la mwanangu litafutika?"

"Mama Kijino..."

"Hapana, baba. Wewe unauliza kwa nini mbwa ameuma. Mimi nani ameniuliza nimelala vipi wiki hii?"

Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa hajauliza, ni kweli.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Alilia kwanza."

"Nani alilia?" mama yake akageuka.

"Sponji. Nilimkumbatia hapa," Kijino akajishika shingo kwa mkono mzima, "akalia kama mtoto. Nikajua amefurahi, nikambana zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia daktari. Akaniambia nitulie."

Binti alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na burashi ya mbao yenye meno mapana. Fundi aliitambua. Ilikuwa ya mkewe. Kila Jumapili marehemu alikaa kwenye kigoda mlangoni, mbwa kati ya magoti, akimchana na kumsengenyea majirani. Binti aliichukua siku ya kugawana nguo na hakuna aliyeiulizia.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini sijasamehe kitu."

Jumatatu asubuhi wakaenda pamoja. Banda la manispaa lilikuwa nyuma ya ofisi ya mifugo, kando ya gereji ya magari mabovu. Mtunza banda aliwaonya wasitie vidole kwenye wavu. Sponji alikuwa kwenye kona, amekonda usoni, manyoya yameshikana mafundo. Alipomwona fundi, mkia ukapiga ukuta. Alipoiona burashi akanyanyuka, akaja kuegemeza ubavu kwenye wavu, kama alivyokuwa akiegemea magoti ya mwanamke ambaye hakuwepo tena.

Binti akaminya midomo. Akaanza kumchana kupitia kwenye matundu ya wavu, mgongoni, taratibu. Mbwa akafumba macho. Akampapasa masikio. Mbwa akatulia. Akashuka shingoni.

Sponji akalia. Hakubweka wala hakunguruma. Alilia, sauti nyembamba ya mtoto.

"Hivyo hivyo alivyosema," binti akanong'ona. Mkono wake ulitaka kurudi, akauzuia. "Na ananuka, baba. Hapa ananuka vibaya."

Akatenga manyoya kwa mpini wa burashi. Chini ya manyoya palikuwa na mfereji mwekundu umezunguka shingo nzima, na ndani ya mfereji, nyama ikianza kuufunika, mstari wa njano.

Bwana Mifugo akaitwa. Safari hii alikuja mbio na mkasi, na mtunza banda akafungua mlango wa wavu. Binti akamfunga Sponji mdomo kwa kipande cha kitambaa cha sofa kilichokuwa mfukoni mwa babake, akamlaza kichwa kwenye paja, akimwambia yale maneno ya kipuuzi aliyokuwa akiambiwa na mama yake: mlafi wewe, mzembe wewe, nani atakuoa. Mkasi ukaingia. Utepe ukakatika kwa mlio mdogo kama msumari unaong'oka mbaoni. Ulipotoka, ulitoka na manyoya na kitu kingine ambacho fundi hakukitazama mara mbili.

"Huu si wetu," mtunza banda akasema.

Fundi alikuwa ameshawaona ndugu wa ule utepe, wametundikwa msumarini ofisini.

Ndipo yote yakamrudia. Mwisho wa mwaka jana watu wa mifugo walipita na gari na kipaza sauti, chanjo ya mbwa, bure. Mkewe alimbeba Sponji kifuani, bado mtoto wa kubebeka. Walimchoma, wakamfunga utepe wa njano kuwa alama kwamba amechanjwa. Kipaza sauti kikasema: mtu asiukate, mbwa asiye na utepe atakamatwa, tutapita wenyewe kuukata baada ya wiki tatu. Mkewe alikuwa mtu wa kutii. Kila Jumapili alitia kidole kati ya utepe na shingo, akasema kinapita, basi, tuwasubiri. Mwezi wa kwanza mwenyewe akafa. Mbwa akaendelea kukua, manyoya yakarefuka, na hakuna kidole kilichotiwa tena.

"Alikuwa anaumia tangu lini?" binti akamuuliza Bwana Mifugo.

"Miezi. Ameuvumilia mno. Mwingine angeuma zamani."

Binti alisafisha mikono kwa maji ya dumu. Akazungumza bila kumtazama baba yake. "Mama angeuona."

"Wao ndio walisema tusikate."

"Nimesikia. Lakini alikuwa analala miguuni kwako, baba. Kila siku. Mikono yako ilikuwa wapi?"

Fundi aliutazama mguu wake wa kushoto. Kisha akageuka, maana swali hilo alikuwa hana pa kuliweka, na lile la kuwauliza wenye utepe alikuwa nalo tayari.

Bwana Mifugo alikuwa anazungumza kwa haraka sasa, kwa heshima nyingi. Sindano imefutwa. Kidonda kikipona mbwa atakwenda nyumbani. Mama wa mtoto, ikiwa ameridhika, hakuna atakayelirefusha jambo hili. Binti akasema Kijino atakuja siku atakayotaka mwenyewe, na burashi itabaki karakanani, kila Jumapili, kwa mkono wa babu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Angeweza kuondoka hapo. Alikuwa amepata karibu yote aliyoyafuata.

Badala yake alitembea mpaka mapokezi, utepe umening'inia kidoleni, akauweka mezani mbele ya dada wa mapokezi, kando ya kisu cha embe. Bwana Mifugo alimfuata, na mtunza banda, na mtu wa afya aliyekuwa anapita akasimama kutazama. Dada akauona, akatazama msumari ukutani, akatazama kucha zake.

"Watoto wangapi huko mtaani wanakumbatia mbwa wenye huu, mimi sijui," fundi akasema, bila kupaza sauti. "Na sikuja kuuliza kwa nini mbwa anauma, hilo nimeshaelewa. Mlituambia tusiukate, mtapita wenyewe kuukata. Alitakiwa apite nani?"