Kipapasio cha Kubandikwa

"Huyu hana kundi," Daktari Nyaboke alisema bila kuinua jicho kwenye hadubini. "Winfred, hebu njoo uone maajabu."

Winfred akaweka kibano chini akasogea. Mwaka jana alikuwa akipiga deki kwenye villa moja huko Muaither, kando ya Doha, na huenda angekuwa huko mpaka leo kama si Levis, dereva wa maabara hii ya wadudu na jirani yao wa Kitale, kumpigania kazi ya kupanga nyigu. Leo muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha. Mkataba wa Levis nao ulikuwa ukingoja sahihi ya daktari.

Akainamia lenzi. Nyigu wa chavua, ukishamzoea, hakupotezi. Bawa lake lina vyumba viwili kati ya mishipa, pale ambapo nyigu wa udongo ana vitatu, na kipapasio, ile antena ya kichwani, huvimba mwishoni kama rungu dogo. Halafu unawagawa: wadogo wenye ulimi mrefu huku, na wale wenye ukingo mkali ubavuni, wanaojikunja duara wakiguswa, kule. Huyu alikuwa na vyumba viwili na ukingo mkali, kila kitu sawasawa. Ila kipapasio kimoja hakikuwepo, na kilichobaki kilikuwa chembamba mpaka ncha, kama cha nyigu wa udongo.

"Nimekaa Doha miaka yote hii nikimngoja mdudu kama huyu," daktari alisema. "Picha zake lazima ziwafikie wenzangu leo. Ngoja nilete kamera."

Alipotoka, Winfred alitazama tena. Pale kipapasio kilipoota palikuwa na kitone kinachong'aa, gundi iliyokauka. Akamgeukia Levis, aliyekuwa akifuta trei karibu na sinki.

"Levis, ni wewe?"

"Boksi liliniponyoka nikilitoa kwa gari, ile siku tumetoka kukusanya wadudu Al Wakrah," Levis alinong'ona. "Antena zikakatika, zile nilizoziona nikaokota nikabandika. Nilidhani zote ni sawa."

"Hii ni ya nyigu wa udongo."

"Sasa Wini, si umeona vile amefurahi? Nyamaza tu. Wote tutabaki."

"Na wenzake wakigundua? Si watamcheka mpaka basi?"

"Na mimi nikirudishwa nyumbani, hiyo itakuwa sawa?"

Winfred akamtazama. Huyu ndiye aliyesimama langoni kule Muaither akabishana na tajiri wa Winfred mpaka akamwachilia aondoke. Wema kama ule mtu huulipa vipi?

Daktari Nyaboke akarudi na kamera, akiimba chini kwa chini. Winfred hakuwahi kumsikia akiimba.

"Niwekee sawa kwenye taa, mama."

Winfred alimsogeza mdudu chini ya taa. "Daktari, kuna gundi hapo."

Wimbo ukakatika. Daktari aliinama, akarekebisha lenzi.

"Nani alibandika?"

Winfred alikuwa amejipa moyo wa kutaja gundi, si mtu. Alinyamaza makusudi, amwachie Levis nafasi aseme mwenyewe.

"Boksi ni la Winfred," Levis alisema. "Ndiye hushika hawa wadudu kila siku."

Ajabu ni kwamba Winfred hakukasirika. Aliona haya, kana kwamba ni yeye aliyesema uongo, na masikio yakamwaka moto. Daktari Nyaboke akaweka kamera juu ya meza, taratibu.

"Kibandue," akamwambia Winfred.

Winfred akachovya brashi kwenye maji ya uvuguvugu, akaigusisha pale penye gundi. Gundi ikalainika. Kipapasio kikaachia, kikalala juu ya kadi nyeupe.

"Levis," Winfred alisema, jicho likiwa bado kwenye lenzi, "mwambie daktari."

Nyuma yake Levis alifungua bomba la sinki badala ya kujibu. Maji yakatiririka, yakatiririka, na hakuna aliyeyafunga.