Bwana Nzomo wa Pili

Mwaka wa 1993, unga ulipokuwa ukipanda bei kabla mtu hajatoka dukani, kamati ya serikali ilikuja kukaa katika hospitali moja ndogo upande wa Lukenya. Ilikuwa na jambo moja la kuamua: ianze kupambana na mfumuko wa bei, au ianze kupunguza matumizi ya serikali. Ilichagua ukumbi wa kulia wa hospitali kwa sababu ulikuwa wa bure. Wajumbe walisifu ubanaji huo wa matumizi, kila mmoja akishuka kwenye gari lake na dereva wake.

Jikoni, Nzisa, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Ndanu, alikuwa akikoroga uji wa wagonjwa. Mmoja wao alikuwa mumewe, Kilonzo, aliyeangukiwa na jiwe machimboni. Daktari alikuwa amesema tumbo la Kilonzo halitapokea kitu kingine ila uji wa maziwa, na akiukosa, wasidanganyane.

Saa nne mwenyekiti, Bwana Nzomo, alisimama. Alisema lazima waanze na bei. Hata hivyo, akasema, lazima waanze na matumizi. Alipofika kwenye "hata hivyo" ya tatu akagawanyika wawili, suti ileile, kitambi kilekile. Mmoja akaketi upande wa bei, mwingine akavuta kiti upande wa matumizi. Mjumbe mmoja akaomba dirisha lifunguliwe, joto limezidi.

Nzisa akaingia na birika. Kwao Ukambani mgeni haulizwi kama atakunywa. Anawekewa tu, maneno baadaye. Akamwekea chai Bwana Nzomo wa kwanza, akamwekea na wa pili. Hapo ndipo alipoharibu.

"Huyu sasa amekunywa chai ya mkutano," akasema Justus, mhasibu wa kamati. "Basi ni mjumbe kamili. Apewe marupurupu, gari na dereva."

"Ai! Mimi ningejuaje?" Nzisa akauliza.

"Hujakosea, Mama Ndanu. Umetusaidia kuamua."

Loo, na walivyopenda kusaidiwa! Kufikia saa ya chakula hakuna mjumbe aliyebaki mtu mmoja; kila mmoja alikuwa wawili. Nzisa alichota maziwa ya wodini kuongezea birika, kwa sababu mgeni ni mgeni. Abdisamad, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa ameleta mbuzi wa kuchinjwa, alichungulia ukumbini.

"Mama, hii mbuzi ilikuwa ya watu kumi," akasema. "Hawa wanazaana kuliko mbuzi zangu."

Kwa kuwa kila mjumbe alikuwa na mwenzake, zikaundwa kamati mbili bila kuajiri mtu, na ukumbi ukapiga makofi. Kamati ya bei ikasema haiwezi kuanza mpaka matumizi yapungue. Kamati ya matumizi ikasema haiwezi kupunguza chochote mpaka bei zishuke. Zikapeana mikono.

Lakini watarudije Nairobi bila azimio hata moja? Aibu iliyoje! Ndipo Bwana Nzomo wote wawili wakasimama pamoja, wakapendekeza maziwa ya uji wa wagonjwa yaondolewe, kwa muda. Hakuna aliyepinga.

Nzisa alikuwa akikusanya vikombe. Akavitua mezani kwa kishindo.

"Wazee, bwanangu yuko kwa hiyo wodi," akasema. "Hakuna kitu ingine anaweza kula. Mnataka kumuua?"

Bwana Nzomo mmoja akamwambia pole sana. Mwingine akamwambia azimio limeshapita.

Jioni Kilonzo alionja kijiko kimoja, akakirudisha bakulini.

"Mama Ndanu, hii ni maji."

"Ni maji, Baba Ndanu."

"Na hao wakubwa, wameamua?"

"Wameamua."

Nzisa alizunguka Lukenya yote akitafuta maziwa, akayakuta kwa bei asiyoweza kuilipa. Alilia barabarani, bila kujificha.

Kilonzo alikufa Ijumaa. Alikufa mara moja tu, kama watu wa kawaida. Kamati ya matumizi ikakihesabu kitanda chake kuwa punguzo la kwanza, ikaiarifu kamati ya bei kwamba sasa inaweza kuanza kazi. Kamati ya bei ikashukuru, ikajibu kwamba kitanda kimoja hakitoshi.