Mama wa Ukubwa wa Mlango

Jana usiku niliota nimo studioni kwangu, Pangani, na picha mbili za mama yangu zinagombana mezani.

Nieleze kwanza. Mama alifariki siku niliyozaliwa. Sina picha hata moja ambayo nimo pamoja naye, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, mimi niliye mpiga picha kwa miaka ishirini sasa. Ninayo moja tu ya pasipoti, uso na mabega, ambayo niliipiga upya kwa kamera ya dijitali na kuing'arisha kwenye kompyuta. Jana jioni Shangazi Mwantumu akaniletea bahasha yenye negativu yake, kile kipande cha filamu ambamo nyeusi huonekana nyeupe, aliyoikuta chini ya sanduku. Nilikuwa nimeapa kumtundika mama sebuleni, ukubwa wa mlango, futi sita, kwa ile kati ya hizo mbili itakayotoka safi zaidi. Usingizi ukanichukua kabla sijafungua bahasha.

Basi, picha ya dijitali inasema, “Nianze mimi. Nimeng'arishwa.”

Naikuza. Inapofika ukubwa wa sinia, mama anameguka vimraba, vinamwagika sakafuni. Napiga magoti, navipanga kimoja kimoja. Jicho la kushoto ni vimraba vinne. Cha tano kinakohoa.

“Mimi ni pua,” kinasema.

“Samahani,” nasema, nakihamisha.

“Ukimkuza zaidi huyo atakuwa sakafu,” inasema negativu. “Njoo kwangu.”

Nayo naikuza. Hii haimeguki, inatoa chembechembe. Zinanifika magotini, kisha kifuani. Mashine ya kukuzia picha inavua miwani na kunitazama.

“Mbaruku, mwisho wangu ni futi mbili. Hizo futi sita utazifuata kwa miguu.”

“Nitazifuata,” nasema. Sikufungua studio ili nishindwe na karatasi.

Natembea ndani ya chembe, zinaniingia viatuni, sirudi nyuma. Mara studio ni ua wa nyumba. Mchana ni mweusi na vivuli ni vyeupe. Mwanamke mwenye nywele nyeupe na meno meusi amekaa mkekani anachagua mchele. Mchele ni mweusi tii. Mawe anayotupa ni meupe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja na nani?”

Namwonyesha picha niliyoing'arisha. Anaitazama kwa adabu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua.

“Dada huyu hana hata kovu moja la ndui. Ni nani?”

“Ni wewe, mama. Nilikusafisha.”

“Kwani uso wangu ulikuwa mchafu?”

Naona haya, nakosa pa kutazama. Lakini sikutembea futi sita bure.

“Nataka picha bora,” nasema. “Nataka nikuone vizuri.”

“Mwanangu, zile mbili zinabishania mashavu tu. Aliyenipiga picha alinikata kifuani nienee kwenye pasipoti. Hujawahi kujiuliza huko chini kuna nini?”

“Kuna nini?”

“Inama utazame.”

Nainama. Chembe zinanijaa machoni, nikaamka nikiyafikicha.

Kulikuwa kumekucha. Hata uso sikunawa. Nilichana bahasha, nikainua negativu dirishani. Makovu ya ndui yapo yote. Kifuani pamepita mstari wa kalamu, pale mpiga picha alipoamua kumkata. Chini ya mstari, mikono miwili ya mama imeshikilia tumbo kubwa, lililojaa.

Nikampigia shangazi.

“Shikamoo, shangazi. Picha hii mama alipigwa lini?”

“Marahaba, baba. Wifi yangu alipiga picha moja tu maishani. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja uzaliwe. Kwani vipi?”

Nikamwambia naichapa nzima, bila kukata wala kung'arisha, kwa sababu tumo wawili.