Spika ya Kukalia

Marimba ya kwetu Cibao si ya kugongwa kwa vijiti. Ni sanduku la mbao, kubwa kama kasha la nguo, lina tundu mbele, na kwenye tundu zimepangwa ndimi za chuma. Mpigaji hulikalia lenyewe, akashusha mikono katikati ya magoti, akazidonoa zile ndimi kwa vidole. Don Telesforo alilikalia la kwake tangu ndevu hazijamtoka mpaka zikawa nyeupe. Ndimi alizikata mwenyewe kutoka kwenye springi ya gramafoni ya nyanya yake, akazisugua kwa jiwe mpaka kila mmoja ukasema alivyotaka useme.

Masikio yalipoanza kuziba, nyumbani hawakujua. Binti yake Nereida alimwita kahawa iko tayari, hakujibu. Wakadhani ni ujeuri wa uzee. Maana siku ya sherehe alikalia sanduku lake na hakukosa pigo hata moja. Sauti ilimpanda kutoka kwenye ubao, ikafuata uti wa mgongo mpaka utosini.

Halafu Quirino, kumpadre wake, msimamizi wa ubatizo wa Nereida na mpiga kodiani wa kikundi chao, akasema siku za sanduku zimekwisha. Watu sasa wanacheza uwanjani, si sebuleni, na walio nyuma hawasikii kitu. Likanunuliwa gitaa la besi, na Nereida, aliyerithi vidole vya baba yake, akajifunza. Mwaka ule walipigia spika ya kuazima ya kanisani, ile ya padri kuhubiria. Don Telesforo alikwenda, na kofia yake nzuri kichwani. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama. Supu haijaiva, yeye alikuwa ameshafika nyumbani.

"Baba, mbona umeondoka?" Nereida alimuuliza, amemkabili ili aione midomo, maana sasa walikwisha kujua.

"Nimeona watu wanarukaruka bila sababu. Nikaona haya kuwatazama."

Hakwenda tena sherehe yoyote. Marimba aliifunika gunia, mchwa wakaila taratibu.

Basi sikukuu ya Mtakatifu Antonio ilipokaribia, na kikundi kikaamua kupata amplifaya na spika yake ya kwanza, Nereida akasema baba atakwenda naye mjini Santiago kuchagua. Moyoni alikuwa na hofu moja. Kama chombo hiki kipya nacho kingekuwa bubu kwa baba yake, basi mzee hangetoka tena nje ya ua wake, na muziki ungeendelea bila yeye kana kwamba amekufa.

Quirino alicheka. "Unampeleka kiziwi kuchagua spika? Kesho utampeleka kipofu akuchagulie rangi ya nyumba."

"Taratibu, anasoma midomo," Nereida akasema.

"Nimeisoma," akasema Don Telesforo. "Na meno yako mawili yameoza."

Wakashuka mjini wote watatu. Mwenye duka, mtu mnene mpole aitwaye Facundo, walimkuta ameketi nyuma ya kaunta anakula mangu ya ndizi za kuponda na salami, sahani magotini. Alijifuta mikono, akaja.

"Mnapigia wapi, dada?"

"Huko milimani. Barabara ikiisha tunapanda kwa pikipiki. Nataka kitu cha kufunga nyuma yangu kwa kamba ya mpira."

"Basi usichukue vilivyoungana. Chukua amplifaya peke yake na spika peke yake." Akamwekea kiganjani amplifaya isiyozidi tofali. Nereida aliigeuza huku na huku, akitafuta mahali nguvu zilipofichwa.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Inaingia mkobani pamoja na nguo zako. Kazi ya kusukuma hewa ni ya sanduku la spika. Ila viwili hivyo viwe vinapatana. Amplifaya ikiwa kali na spika dhaifu, utaichana."

Quirino alikuwa ameshaunyooshea kidole mnara wa spika uliosimama pembeni, mrefu kama mlango. Facundo akaunganisha waya na gitaa la besi alilokuja nalo Nereida. Nereida akapiga uzi mnene kuliko zote.

Magitaa yote yaliyoning'inia ukutani yakaitikia. Hakuna aliyeyagusa, yalivuma kwa chini chini, kama waumini wanavyomjibu padri. Nereida akaufunika uzi kwa kiganja, nayo yakaendelea kidogo. Nywele za mikono zikamsimama. Hakujua kwamba mkono wake una uwezo wa kuamsha vitu kule mbali.

"Yesu na Maria," Quirino akanong'ona. "Ndio huu. Utasikika mpaka Moca."

Don Telesforo alikuwa mlangoni akitazama pikipiki za barabarani. Alipogeuka akaona nyuso zao. Akaja, akavua kofia, akauzunguka mnara wote akitafuta pa kukalia.

"Mzee, mzee! Hiyo si benchi!" Facundo akapaza sauti.

"Anasemaje huyu?"

"Anasema si benchi, baba."

"Sasa wanaipigaje?"

Quirino alicheka mpaka akashika kaunta. "Nikuletee ngazi, kumpadre?"

Lakini Facundo alikwishamwona binti alivyomtazama baba yake, akaleta kigoda bila kuuliza neno. Mzee akapanda juu ya mnara, miguu ikabaki inaning'inia. Nereida akapiga. Mzee akasikiliza kwa makalio yake, akatikisa kichwa.

"Huyu anaongea na walio mbali. Mimi niliye juu yake hanijui."

Likaletwa sanduku jepesi la plastiki, la kuinuliwa kwa mkono mmoja. Hilo Nereida alilipenda kwa ajili ya pikipiki. Mzee akakaa, akapigiwa, akainuka upesi.

"Huyu anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ukipiga hivi, ukipiga vile, tetemeko ni lile lile."

 Nereida akaanza kukunja waya, ili asionekane uso.

"Na lile?" mzee akauliza.

"Lipi, baba?"

"Alilokuwa amekalia huyu bwana akila."

Facundo akageuka, akacheka. "Hilo? Hilo kiti changu! Mteja alilirudisha akataka lingine zuri zaidi. Ni zima, ila pembe zimechubuka." Akalipangusa mafuta ya salami, akalibeba kwa mpini wa ubavuni, akalichomeka waya. Lilikuwa la mbao, la kimo cha goti, spika moja pana mbele.

Don Telesforo akakaa. Alikaa kama mtu aliyerudi kwenye nafasi yake mezani baada ya safari. Magoti yakafunguka yenyewe, mikono ikashuka katikati, vidole vikakunjika mahali ambapo ndimi zingekuwapo. Nereida akampa mgongo, asivione vidole vyake, akapiga noti.

Mzee akafumba macho.

"Ulimi wa pili kutoka kushoto," mzee akasema.

Akapiga nyingine.

"Wa katikati."

Nyingine.

"Huo huo, ila umeuvuta. Usiuvute."

Facundo akazima feni, hakuna aliyemwomba. Quirino alikuwa ameacha kucheka. Nereida akageuka sasa, amkabili baba yake, akaweka kidole gumba kwenye uzi mnene na kuuachia wazi.

Mzee akafumbua macho. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao, kando ya mapaja. Sauti ilipokuwa imekwisha masikioni mwao wengine, yeye bado aliinamisha kichwa, anaifuata. Wakamngoja.

"Huo," akasema polepole, "sikuwa nao."

"Ndiyo, baba. Marimba haikufika huko."

"Kumbe kulikuwa na chini nyingine."

 Quirino akakohoa, akamgeukia Nereida.

"Mwanangu, nakuelewa. Lakini walio nyuma? Hilo limechuchumaa tu."

"Mwaka jana walio nyuma walisikia?"

"Hawakusikia."

"Wakacheza?"

"Wakacheza sana."

"Basi nachukua hili."

"Na amplifaya hiyo itabeba la pili kama hilo," Facundo akasema, "siku mtakapolitaka. Ila mimi mtanitafutia kiti."

Siku ya Mtakatifu Antonio Nereida alilipandisha mlimani limefungwa nyuma ya pikipiki, amelifunika shuka dhidi ya matope. Alipolishusha, baba yake alikuwa ameshafika, na kofia nzuri. Alikaa kabla waya haujachomekwa.

"Don Telesforo, umekalia mashine!" wanawake wa jikoni walimpigia kelele. Alikuwa amewapa mgongo.

Kodiani ikalia, guira ya bati ikakwanguliwa, ngoma ikaingia, na Nereida akaingia chini yao. Walio nyuma kabisa, kwenye uzio, hawakusikia besi vizuri. Walicheza hivyo hivyo. Katikati ya wimbo wa kwanza mzee akamgonga mpiga ngoma begani.

"Nolo, unakimbia! Unamkimbia nani?"

Nolo akatahayari, maana ni kweli alikuwa anakimbia. Akapunguza. Muziki ukakaa.

Supu ikaiva. Mwanamke mmoja akaja mpaka mbele yake, akamfanyia ishara ya kijiko: njoo mezani.

"Niletee hapa hapa," akasema Don Telesforo. "Huoni niko kazini?"

Nereida, amesimama hatua moja kutoka kwake, akatafuta ule uzi mnene.