Staring Amesema Nini?

Katika ukumbi wa video wa Thuo, pale Kitale, staring, yaani yule shujaa wa sinema, hakosei. Akivunja daraja, lilikuwa limezeeka. Akirusha lori, dereva alikuwa ameshashuka. Kazi ya mtafsiri ni kukaa kando ya skrini na kipaza sauti chake, kukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha kuvunja mbavu, na kuhakikisha watu wanampenda staring mpaka dakika ya mwisho.

Nakhumicha aliijua kazi hiyo vizuri sana. Kwao Bungoma alikuwa ameifanya miaka miwili, na watu walimfuata ukumbi hadi ukumbi kwa sababu ya ulimi wake. Lakini Kitale hawakuwa wamemsikia bado, na Thuo alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno, "Nakupatia sinema moja tu. Watu wakitoka kabla iishe, si unajua gari za Bungoma ziko hapo stage."

Basi akachagua sinema aliyoijua nje ndani, ya jamaa anayeruka angani na shuka la bluu mgongoni. Mambo yalianza vizuri. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua inanyesha, mabenchi yamejaa. Benchi la mbele alikaa Wangila, mwendesha boda ambaye Thuo alikuwa akimwingiza bure tangu jamaa huyo alipomfukuza mwizi wa simu kwa pikipiki katikati ya soko la Kachibora na kumkamata. Video ya tukio lile ilikuwa kwenye simu ya kila mtu.

"Leo tuko na staring wawili kwa nyumba moja!" Nakhumicha akatania. Watu wakapiga kelele, Wangila akainua mkono kama mheshimiwa.

Ikafika ile sehemu ya soko. Staring anamfukuza jambazi katikati ya vibanda, mbao zinaruka, na mama mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani anabiruka na sufuria zake. Ni kufumba na kufumbua tu. Bungoma, hapo ndipo Nakhumicha alipokuwa akiwamaliza watu kwa kicheko.

"Mama, funga biashara! Staring anapita na hana breki!"

Wawili watatu walianza kucheka, wakageuka nyuma, wakakimeza kicheko chao. Nakhumicha alishangaa kweli, maana mzaha ule haukuwa umewahi kumwangusha. Akayafuata macho yao hadi benchi la mwisho. Palikuwa na mama wa miaka hamsini hivi, ameulaza mkono wa kushoto mapajani, ngozi yake imebabuka na kukunjamana hadi kwenye kiwiko.

"Rudisha hapo," mama akasema.

Kwenye kumbi hizi mtazamaji yeyote huweza kuomba kurudishiwa, ingawa kwa kawaida wanaomba ngumi. Thuo alikunja uso, lakini akarudisha.

"Huyo mama aliamka?"

Nakhumicha alikuwa ameitazama sinema ile mara ishirini na hakuwahi kujiuliza. "Hawaonyeshi, mama."

"Si uangalie tena."

Wakaangalia tena, ukumbi mzima umenyoosha shingo. Mama wa kitambaa chekundu alianguka, kisha picha ikamfuata staring. Hapo ndipo mzee mmoja, Kipkemei, alipoingilia. "Lakini mtu anaruka juu, anapitia kwa soko ya nini?"

"Jambazi angetoroka, bana!"

"Atoroke! Ati ukishika mwizi unavunja watu?"

Mabishano yakapamba moto. Nakhumicha hakuwa amewahi kusikia staring akihukumiwa, na alitamani kujua zaidi kuliko wote. Akaliinamia sikio la msichana aliyekaa karibu naye, akamuuliza yule mama ni nani.

"Ni Gathoni. Alikuwa anauza mandazi Kachibora. Wangila akifukuza ule mwizi, alipitia kwa karai yake ya mafuta."

Pale mbele, Wangila alikuwa akiangalia viatu vyake. Nakhumicha alijaribu kuikumbuka ile video. Hata yeye alikuwa ameishangilia na kuwatumia rafiki zake, na hakukumbuka karai lolote. Aliyepiga picha alikuwa amemfuata Wangila.

Thuo akapunga mkono kwa hasira: endelea. Sinema ikaenda mpaka mwisho, staring akasimama juu ya ghorofa kuhutubia mji. Nakhumicha alimwonea Gathoni huruma, na kazi pia aliitaka, kwa hiyo akamtilia staring maneno mdomoni: "Mama wa kitambaa chekundu, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Ukumbi ukashusha pumzi, makofi yakaanza. Kazi nimepata, akajiambia.

"Hiyo umesema wewe," Gathoni akasema, bila hasira. "Yeye amesema nini?"

Makofi yakafifia. Thuo alikuwa akimtikisia Nakhumicha kichwa: achana naye. Na angeweza kuachana naye, watu walikuwa wameridhika. Lakini aliona aibu kumdanganya mama yule mara ya pili.

"Amesema mji uko salama. Amesema watu warudi nyumbani, mambo yameisha."

"Na huyo mama?"

"Hajamtaja."

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Huo ndio wakati wa watu kusukumana mlangoni, ila hakuna aliyeinuka. Nyuso zikageukia benchi la mbele, mmoja baada ya mwingine, hadi Wangila akasimama mwenyewe na kuvua kofia.

"Mama, pole. Haki ya Mungu, siku hiyo sikukuona."

Nakhumicha alijikuta anapita katikati ya mabenchi, anaburuta waya, mpaka akamfikishia Gathoni kipaza sauti. Gathoni akakishika kwa mkono wake mzima.

"Uliniona, Wangila," akasema, na spika ya mlangoni ikayapeleka maneno hadi barabarani. "Ulinipigia honi."