Kinachokaa Kifuani

Wiki nzima Angeline alikuwa na neno moja tu mdomoni: mare. Alikuwa akiliandikia insha ya chuo, na alimsomea kwa Kiingereza mamake, Peninah, aliyekuwa akisonga ugali.

"Mum, mare iliyo ndani ya nightmare, ndoto mbaya, si farasi jike. Ni kitu cha zamani kinachokalia watu usingizini. Waholanzi ndio walikosea, wakakiita farasi wa usiku. Wanorwei wanasema kimekupanda. Wafaransa wakatanguliza neno la kukanyaga. Wapolandi wanakiita zmora."

"Na sisi jinamizi," Peninah akasema. "Unakiita kwa lugha zote hizo ndani ya nyumba yangu, kikiitika je?"

"Mum, ni assignment tu!" Akacheka. Lakini alikuwa na weusi chini ya macho.

Jumamosi mchana Peninah alitoka zamu ya kutunza wazee, akapanda ngazi za flat yao huku Newtown, Ulaya. Alimkuta mtoto kwenye sofa, macho wazi, mwili umekakamaa, pumzi inakwaruza. Hakusikia akiitwa Angeline. Alipiga simu ya ambulensi, akaambiwa iko njiani. Kisha akampigia wifi yake kule nyumbani Kapsabet.

"Mama Kibet, mtoto anakaliwa!"

"Si nilikwambia? Mkaona mko Ulaya, mambo yetu ni ushamba."

Kwao Kapsabet, mtoto akizaliwa, wanawake humtajia majina ya marehemu wa ukoo huku wakimnusisha tumbaku. Jina atakalolipigia chafya ndilo la aliyemrudia. Angeline alizaliwa hospitalini huku, akaandikwa jina la cheti, basi. Hakuna aliyewahi kumwita kwa majina ya marehemu.

"Tafuta cha kumnusisha," wifi akasema.

Peninah alisogeza pilipili manga puani mwa mtoto, akawasha spika ya simu, akamwekea sikioni.

"Tapkigen," sauti ikaita. Hakupiga chafya. "Taplelei." Wapi. Majina yakaendelea, midomo ya Angeline ikizidi kuwa ya buluu. Kisha wifi akaacha kutaja.

"Endelea!"

"Amebaki mmoja, Peninah. Yule hatumtaji. Alikufa peke yake, tukachelewa kumzika. Akija, haondoki."

Peninah akamtazama mtoto. Kifua kilikuwa kimeacha kupanda.

"Mtaje."

"Tabutany."

Angeline akapiga chafya hadi sofa ikasogea. Akavuta hewa, akakohoa, akaketi. Peninah alimkumbatia akilia, akimshukuru Mungu kwa sauti.

"Mum," Angeline akanong'ona, kwa Kiswahili ambacho siku zote alikuwa akikijibu kwa Kiingereza. "Yule nyanya hakutaka kuniua. Alikuwa anangoja tu mtu amwite."

Ving'ora vilisikika barabarani. Peninah akainuka akafungue mlango.

"Acha wazi," mtoto akasema, akijisogeza pembeni kumwachia mtu nafasi. "Anasema kule alikolala kulikuwa na baridi."

Mama uliyezaa huku, mwite mwanao mapema, ungali na majina ya kuchagua.