Mmoja Kati ya Wanne

Kila mwaka likifika somo la urithi, mwalimu Dévote alikwenda darasani na mfuko wa soksi, mbili kwa kila dawati. Zilikuwa soksi za mumewe, nyeusi na ndefu, na ndani ya kila moja alitia punje kumi za maharage mekundu na kumi za maharage meupe. Shule yake pale mtaani Bwiza haikuwa na maabara wala darubini. Ilikuwa na wanafunzi themanini na wanne katika darasa la tisa, wanne wanne kwenye dawati la watu watatu. Lakini kwa maharage, aliamini, mtu yeyote anaweza kuona jinsi alivyozaliwa.

"Soksi hii ni baba, hii ni mama," aliwaambia. "Funga macho. Toa punje moja kwa baba, moja kwa mama. Hizo mbili ndizo mtoto. Akipata hata nyekundu moja, ni mzima. Akipata nyeupe mbili, anazaliwa na drepano, ule ugonjwa wa damu, selimundu. Andika, rudisha punje ndani, tikisa, toa tena."

Darasa lililipuka kwa furaha. Watoto waliwapa majina watoto wao wa maharage, wakawaombea mema, wakawapigia makofi wale waliotoka wekundu. Dévote akapita kati ya madawati akitoa jasho, akajisikia kwamba leo ndiyo amefundisha. Mwishoni aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: mmoja kati ya wanne.

Penye dawati la dirishani alimwona Saliha, binti wa Rachidi fundi magari. Saliha hakuwa akirudisha punje. Alizipanga mbilimbili mbele yake kwa mstari, kwa uangalifu mkubwa, na soksi zake zilikuwa karibu tupu. Dévote alifungua mdomo amkosoe. Palepale, nyuma, wavulana wawili wakaanza kurushiana maharage, na kabla hajawatuliza kengele ikalia. Nitawaeleza wiki ijayo, alijiambia. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, na baada ya mkaguzi ikawa sura ya mmeng'enyo wa chakula.

Siku ile ya soksi Saliha alibaki nyuma kuokota punje zilizoanguka.

"Madamu," alisema bila kuinua kichwa, "mudogo wangu Mwantum iko na hii drepano."

Dévote alimwekea mkono begani. "Pole, mwanangu. Sasa umeona kwamba si kosa la mtu. Ni bahati tu."

Msichana aliitikia kwa kichwa, na mwalimu alirudi kwake Gihosha akiwa ameridhika na jibu lake.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Mwezi wa tano Saliha alimfuata uani, akamwambia mama anaomba apite nyumbani, ana neno la kumshukuru. Dévote alifikiri ni mambo ya alama, kwa kuwa msichana alikuwa wa pili darasani. Walitembea pamoja baada ya masomo, wakikwepa pikipiki na matairi yaliyotandazwa mbele ya gereji, hadi nyumba ya akina Saliha katika avenue ya saba.

Khadidja, mama yake, alitoka kumpokea mlangoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na alikuwa anang'aa.

"Karibu, Madamu, karibu! Huyu ndiye mwalimu wetu!" aliwaambia majirani waliokuwa wakichambua dagaa upande wa pili wa njia. Ndani kulikuwa na chai ya tangawizi na maandazi ya moto chini ya kitambaa. Kwenye mkeka alikaa Mwantum, msichana wa miaka minane mwenye macho ya manjano, akimsukia doli nywele. Mdogo wao Shakuru alikuwa amelala kifudifudi kando yake.

"Mi nilikuwa nimezuia uzazi," Khadidja alisema wakati wa kumimina chai. "Miaka sita nilivaa kijiti kwenye mukono. Nilisema apana, siwezi tena kuona mutoto analia mifupa. Rachidi naye alinyamaza, lakini mi najua moyo yake. Halafu huyu Saliha akarudi na masomo yako. Akanipangia maharage hapa kwenye mukeka. Akasema, mama, ni mumoja kwa wanne. Hesabu watoto wetu wewe mwenyewe: Saliha muzima, Mwantum mugonjwa, Shakuru muzima. Mwantum ameshachukua ile nafasi. Huyu wa ine amebakiwa na uzima. Nikaenda nikatoa kijiti. Mungu akubariki, Madamu."

Dévote alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini wala hakukipeleka mdomoni. Aliiona tena ile mistari ya punje kwenye dawati la dirishani, na mdomo wake mwenyewe uliofunguka ukafungika.

Angeweza kunyamaza. Jambo lilikuwa limeshatendeka, na ukweli wake sasa usingebadili tone la damu ndani ya tumbo lile. Lakini Saliha alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, akingoja sifa.

"Mama Saliha," alisema, "nitafanya vibaya nikikunyamazia. Nilifundisha nusu. Kila mtoto anaanza upya. Yule aliyetangulia hamchukulii mwenzake kitu chochote."

"Si ulisema mumoja kwa wanne?"

"Nilisema. Lakini maana yake si kwamba mkipata mmoja mmemaliza. Huyu naye anaanza na mmoja wake kati ya wanne. Unaweza kupata wanne wazima, unaweza kupata wanne wagonjwa."

Khadidja alitabasamu kama mtu anayesikiliza mgeni asiyejua lugha vizuri. Dévote aliomba maharage. Saliha alileta bakuli haraka, na mwalimu akatia punje nyekundu na nyeupe katika vikombe viwili, sawa kwa sawa, akavifunika kwa kitambaa.

"Toa. Utaona mwenyewe."

Khadidja alifumba macho, akasema bismillahi, akatoa. Nyekundu na nyekundu. Akacheka kwa sauti. Dévote alizirudisha, akatikisa vikombe.

"Tena."

Nyekundu na nyeupe. Mzima.

"Tena, tafadhali."

Nyekundu na nyekundu. Hapo hata Mwantum alipiga makofi kutoka kwenye mkeka. Dévote aliona kwamba anatamani punje mbili nyeupe zitoke mkononi mwa mwanamke mwenye mimba, akaona haya, akavifunika vikombe. Mara kumi na tano zaidi, na pengine nyeupe mbili zingetoka. Lakini nani angeomba hilo?

Rachidi aliingia akinuka mafuta ya gari. Alisalimia, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, akipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Madamu, mi ni fundi," alisema. "Gari ikikufa, naifungua, naona fasi yenye iliharibikia. Hii yenu, mutu anaweza kushika wapi?"

"Hakuna pa kushika," Dévote alisema. "Akizaliwa apimwe damu mapema. Ni hilo tu ninalolijua."

"Basi tuombe," Rachidi alisema kwa upole, akakaa kunywa chai.

Saliha alimsindikiza hadi barabarani. Walipofika penye kituo cha mabasi ya Gihosha aliuliza, kwa sauti ndogo, "Ni mi nilikosea, Madamu?"

"Ni mimi. Nilikuona, sikukurekebisha."

Msichana alimtazama kana kwamba hakuelewa, kisha akageuka akarudi kwao mbio.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, wa kiume, wakamwita Moubarak. Alikuwa na kilo tatu na nusu na sauti kubwa. Dévote alikwenda kumwona na nguo na sabuni, akakumbusha kipimo. Khadidja alisema watampeleka akikomaa kidogo, mbona anashiba, mbona ananenepa. Alikuwa kweli ananenepa. Dévote alijua kwamba damu anayozaliwa nayo mtoto humlinda asiumwe miezi ya mwanzo, alijua kwamba mashavu yale hayasemi kitu, na bado kila alipomwona alijikuta anaamini mashavu. Alikumbusha tena Septemba. Alikumbusha Novemba, na safari hiyo Khadidja hakumkaribisha kukaa.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya Saliha hakuja shuleni siku nne. Siku ya tano Dévote alikwenda avenue ya saba, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwelekeza hospitali.

Aliwakuta saa tisa mchana katika chumba cha watoto, vitanda vyote vimejaa, joto limekaa juu ya watu kama blanketi. Moubarak alikuwa mikononi mwa mama yake. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kung'aa, miguu nayo vilevile, na alilia kilio kifupi kifupi cha mtu aliyechoka kulia. Karatasi ya kipimo ilikuwa juu ya godoro. Dévote alisoma neno drepano, ingawa hakuhitaji.

Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba msamaha, na alitaka sana atukanwe kwanza ili ayatumie. Khadidja alisogea tu kidogo kumpa nafasi ya kukaa.

"Tulikuamini kwa sababu unajua," alisema. "Na ulipokuja kusema ile ingine, hatukutaka kukuamini. Sasa unataka nikuambie nini?"

Saliha aliingia na chupa ya maji ya moto. Alikuwa amevaa kitenge cha mama yake, na alimsalimia mwalimu kama watu wazima wanavyosalimiana. Baba, alieleza, amebaki na Mwantum, ambaye naye ameanza kuumwa mgongo tangu jana. Na yeye mwenyewe hatarudi shule kwa sasa, kwa kuwa mama hawezi kubeba wagonjwa wawili.

"Nitazungumza na direkta wa shule," Dévote alisema. "Tutakuwekea nafasi yako."

"Ndiyo, Madamu," Saliha alisema, kwa adabu ileile aliyomjibia darasani, na kwa adabu hiyo Dévote alielewa kwamba hatarudi.

Khadidja alikuwa hajalala siku tatu. Dévote aliomba ampokee mtoto ili yeye ajinyooshe kidogo, na Khadidja, baada ya kumtazama kitambo, alimpa. Muuguzi alikuwa amesema vidole viwekewe kitambaa cha uvuguvugu. Dévote alichovya kitambaa, akakikamua, akakizungusha kwenye mkono mdogo taratibu. Mtoto alinyamaza, akavuta pumzi, kisha akaanza tena. Kitambaa kilipoa upesi. Akakichovya tena.